Si Kila Avumaye ni Nyuki

Ndugu msomaji, kama unaishi Mbagala, Chamazi au Tandika kwa upande wa Temeke, au Tandale, Mwananyamala, Boko na Bunju kwa upande wa Kinondoni, hapana shaka umepata kumwona mdudu huyu. Ni mkubwa kama ncha ya kidole gumba, mweusi tii, na mgongoni amevaa mkanda wa manjano au mweupe. Huja asubuhi jua linapoanza kukolea, akivuma kwa sauti nzito, akazunguka pembeni mwa paa, kisha akatoweka ndani ya kitundu cha mviringo kwenye boriti. Watoto hukimbia wakipiga kelele. Mama huita vijana wa jirani. Muda si muda kitambaa kimefungwa kwenye fimbo, kimechovywa mafuta ya taa, na mtu amepanda juu ya stuli akiwa na kiberiti mkononi, chini ya dari ya mbao kavu.

Hapo ndipo hatari ya kweli inapoanzia, na hatari hiyo haikuletwa na mdudu. Imeletwa na kutojua. Nyumba zetu za pembezoni mwa jiji zimebanana, na moto wa kenchi moja hauulizi mpaka wa kiwanja. Yafaa basi tumfahamu mgeni huyu, tumtofautishe na wale wanaofanana naye, kisha tuamue kwa akili kama anastahili kufukuzwa au kuachwa.

HUYU NI NANI?

Katika vitabu vingi vya watoto vilivyotungwa Ulaya, mna picha ya nyuki mnene, mwenye manyoya mengi na milia ya manjano na nyeusi. Jamii yake huitwa kitaalamu Bombus, na ina aina zaidi ya 250 duniani. Nyuki hao wapo Ulaya, Asia, Amerika na hata Afrika ya Kaskazini, lakini kusini mwa Sahara hawapo kwa asili. Kwa hiyo mtoto wako akikuonyesha picha ile na kusema ndiye yule anayetoboa boriti, mweleze kwa upole kwamba wamefanana tu.

Wetu ni nyuki wa mbao. Wataalamu humwita Xylocopa, jina lililotoka katika Kigiriki, lenye maana ya mkata mbao. Jamii yake ina aina zaidi ya 400 katika nchi za joto, na kadhaa kati yake ziko Afrika ya Mashariki. Aina moja inayojulikana sana ni ile ambayo jike lake ni jeusi lenye mikanda ya manjano au meupe mgongoni, na dume lake limefunikwa manyoya ya manjano yenye kuelekea ukijani. Watu wengi huwaona wawili hao wakadhani ni wadudu wa makabila mawili tofauti, kumbe ni mke na mume.

Nyuki huyu hana mzinga, hana malkia mwenye maelfu ya watumishi, wala hatunzi asali ya kurina. Jike hutoboa mbao kwa meno yake, polepole, na kuacha tundu la duara lililo safi kana kwamba fundi amelitoboa kwa keekee. Chini yake utaona unga wa mbao umemwagika sakafuni. Unga huo ni ushahidi kwamba hali mbao. Anaitoa nje kama mchimba kisima atoavyo udongo. Ndani hujenga vyumba vidogo vilivyofuatana. Katika kila chumba huweka donge la chavua lililochanganywa na maji matamu ya maua, hutaga yai moja, kisha huziba kwa ukuta wa unga ule ule. Mayai yake ni machache, tofauti na malkia wa nyuki wa asali. Kwa hiyo jike mmoja akiuawa, hasara yake si ndogo.

Na mwiba je? Dume hana mwiba kabisa. Hata hivyo ndiye mwenye fujo ya macho: hukaa hewani mbele ya uso wako, akikukodolea, akilinda eneo lake dhidi ya madume wenzake. Hutisha, lakini hana silaha. Jike anao mwiba, tena hauna vishikizo na anaweza kuutumia zaidi ya mara moja. Lakini yeye hauma ila ameshikwa mkononi, amebanwa ndani ya nguo, au amechokozwa mlangoni pake. Hatoki kundi zima kukufukuza, kwa sababu kundi hana.

HESABU MABAWA

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya kutofautisha. Wako nzi wengi ambao huvaa milia ya nyuki, huvuma kama nyuki na hukaa juu ya maua kama nyuki. Hawa hawana mwiba hata chembe. Mwanasayansi wa Kiingereza, Henry Walter Bates, alikwenda katika misitu ya Amazon mwaka 1848 akakaa huko miaka 11. Mwaka 1862 alitoa maelezo ambayo yamebaki na jina lake: kwamba mdudu asiye na kinga huweza, kwa vizazi vingi, kufanana na mdudu mwenye sumu au ladha mbaya, ili ndege na adui wengine wamwogope. Bates alizungumza hasa juu ya vipepeo, lakini siri hiyo hiyo ndiyo inayofanya kazi katika bustani yako ya kunde. Nzi amevaa sare ya askari bila kuwa na bunduki.

Zipo alama tano za kumtambua, na hazihitaji darubini. Zinahitaji kutulia tu.

Ya kwanza ni mabawa. Nyuki ana mabawa manne, mawili kila upande. Nzi ana mawili tu. Badala ya jozi ya pili ana vijiti viwili vifupi vyenye vichwa, ambavyo humsaidia asiyumbe angani. Alama hii ni ya hakika kuliko zote, lakini uwe mwangalifu, kwani bawa la mbele na la nyuma la nyuki hushikana kwa vikulabu vidogo, yakaonekana kama bawa moja. Itazame vizuri kwa mdudu aliyetulia, au aliyekwisha kufa dirishani.

Ya pili ni macho. Macho ya nzi ni makubwa mno, yamechukua karibu kichwa chote, na kwa madume wengi hukutana juu ya utosi. Macho ya nyuki yamekaa ubavuni, marefu kidogo, na katikati pana uso.

Ya tatu ni vipapasio, yaani zile pembe mbili za kichwani. Vya nyuki ni virefu, vimepinda kama kiwiko cha mkono. Vya nzi wa maua ni vifupi sana, huonekana kama nywele mbili tu.

Ya nne ni miguu ya nyuma. Nyuki jike akitoka kazini hubeba chavua: yule wa asali huibeba kama vidonge viwili vya manjano miguuni, na yule wa mbao huibeba katika manyoya mengi ya miguu. Nzi ana miguu myembamba, naye hapeleki chochote nyumbani, kwa kuwa hana nyumba ya kulisha.

Ya tano ni mwendo. Nzi wa maua husimama hewani mahali pamoja, kimya kama amening'inizwa kwa uzi, kisha kufumba na kufumbua ameruka kando. Alama hii peke yake isikudanganye, maana dume la nyuki wa mbao nalo husimama hewani. Ndiyo sababu mtu mwenye busara haamui kwa alama moja.

Na nyigu? Huyo humjua kwa kiuno. Nyigu ana kiuno chembamba na mwili unaong'aa usio na manyoya mengi. Nyuki ana manyoya, hata kama ni mafupi, kwa sababu manyoya ndicho kikapu cha kukamatia chavua.

KOSA LA WATU WA KALE

Usione haya, ndugu msomaji, kama umepata kumwita nzi nyuki. Wayunani na Warumi wa kale waliamini kwamba nyuki huzaliwa kutoka katika mzoga wa ng'ombe, na waliandika jinsi ya kumwandaa ng'ombe huyo ili mizinga iliyokufa ifufuke. Katika miaka ya 1890, mtaalamu wa nzi aliyeitwa Carl Robert Osten-Sacken alieleza kilichowapoteza: yuko nzi wa rangi ya kahawia, aitwaye kitaalamu Eristalis tenax, anayefanana mno na nyuki wa asali, na mabuu yake huishi katika maji machafu na vitu vilivyooza. Walioona nzi hao wakitoka katika uozo waliamini wameona nyuki.

Jamaa wa nzi huyo tunao. Ukipata kuona katika mtaro uliotuama buu mweupe mwenye mkia mrefu kama wa panya, jua kwamba mkia ule ni bomba la kuvutia hewa kutoka juu ya maji. Buu huyo kesho atakuwa nzi mzuri wa maua. Wako pia nzi wengine wa maua ambao mabuu yao hula wadudu mafuta, wale ambao mabwana shamba huwaita vidukari, waharibifu wa kunde na kabichi. Mkulima wa bustani anayemwua nzi huyo kwa kumdhania nyuki, amewaua askari wake mwenyewe.

Lakini si wote wanaojigeuza walio wapole. Afrika ina nzi wa jamii ya Hyperechia, mkubwa, mweusi, mwenye manyoya, aliyefanana na nyuki wa mbao kiasi cha kumpoteza mtu mzima. Huyu ni mwindaji. Hukamata wadudu wengine, na nyuki wa mbao wakiwamo, huku amevaa joho lao. Buu wake naye hukulia ndani ya matundu ya nyuki wa mbao, akila watoto wao. Ukimtazama utaona mabawa mawili, ndevu usoni, mdomo kama sindano nene, na miguu yenye miiba. Hana shida na binadamu, ila asishikwe kwa mkono.

MPASHENI UMETOA MAUA, HAUZAI

Baadhi ya wasomaji watauliza: hata kama hatuumi, anatufaa nini huyu anayetoboa mbao zetu? Jibu liko uani.

Familia nyingi za pembezoni mwa jiji zimepanda mpasheni ukutani au juu ya kichanja, kwa ajili ya juisi ya watoto na pengine kuuza matunda machache gengeni. Mpasheni wa matunda ya manjano, unaostahimili joto la Pwani, una tabia ya pekee: ua lake haliwezi kujizalisha kwa chavua ya mche wake wenyewe. Lazima chavua itoke mche mwingine. Na chavua hiyo ni nzito na ya kunata, upepo hauwezi kuibeba.

Tazama ua lenyewe. Vifuko vya chavua vinaning'inia juu, na sehemu ya kike iko juu pia. Nyuki wa asali ni mdogo. Hupita chini yake, akanywa maji matamu na kuiba chavua bila kugusa panapotakiwa. Nyuki wa mbao, ambaye urefu wake huzidi sentimita 2, akiingia mgongo wake hupangusa vifuko vile, na katika ua la pili mgongo huo huo hupaka chavua mahali pake. Ua na mdudu vimelingana kama kufuli na ufunguo. Mpasheni asili yake ni Amerika ya Kusini, na huko pia kazi hiyo hufanywa na nyuki wa mbao. Nchini Brazil wamepata kutengenezwa masanduku ya mbao kwa ajili yao, yakawekwa katika mashamba ya mapasheni.

Kwa hiyo nyumba iliyochoma nyuki wa darini isishangae maua ya mpasheni yakianguka yote. Wengi hulaumu udongo, mbolea au jicho la jirani. Njia iliyobaki ni kuchavusha kwa mkono: saa za mchana, wakati ua la pasheni ya manjano limefunguka, unachukua chavua kwa brashi laini au kidole kutoka mche mmoja na kuipaka katika ua la mche mwingine. Inawezekana, lakini ni kazi ya kila siku ambayo mdudu alikuwa akiifanya bure.

Nyanya, nyanya chungu na bilinganya nazo zina deni kwake. Chavua yao imefungiwa ndani ya vifuko vyenye vitundu vidogo nchani. Nyuki wa mbao hulikumbatia ua, hutikisa misuli ya kurukia bila kuruka, na chavua humwagika kama chumvi. Nyuki wa asali hajui ufundi huo. Ulaya, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, wenye mashamba ya nyanya ndani ya nyumba za vioo wamekuwa wakinunua nyuki wa Bombus kwa kazi hiyo. Na mwaka 1885 New Zealand iliagiza nyuki hao kutoka Uingereza, kwa kuwa majani ya malisho yaliyopandwa huko hayakuwa yakitoa mbegu za kutosha bila wao. Wenzetu wamewalipia nauli ya meli. Sisi wetu wanajileta wenyewe, nasi tunawapokea kwa kiberiti.

NYUKI WA ASALI NI JAMBO JINGINE

Pamoja na hayo, upole wa nyuki wa mbao usitufanye tumdharau nyuki wa asali. Wa Pwani yetu wana jina lao la kitaalamu, Apis mellifera litorea, lililotolewa na F. G. Smith mwaka 1961. Ni wadogo, wa kahawia na manjano, na wakiwa na makao hulinda nyumba yao kwa ukali, kwa mamia na maelfu.

Ukiona nyuki wengi wadogo wakiingia na kutoka katika tundu moja la ukuta, la dari au la mti, hilo ni kundi. Usilirushie jiwe, usilichome, wala usilimwagie maji. Nyuki mmoja akiuma, mwiba wake hubaki mwilini ukiwa na kifuko cha sumu, na hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Harufu hiyo ni king'ora. Huwaita wenzake waje kuuma pale pale. Kwa hiyo mwenye kushambuliwa asisimame kupunga mikono. Akimbie, afunike uso, aingie ndani na kufunga mlango. Asijitose majini, kwani nyuki humngoja. Akishapata usalama, mwiba utolewe mara moja bila kupoteza muda, kisha pawekwe kitambaa cha maji baridi. Mtu akivimba midomo au ulimi, akipumua kwa shida, akitokwa na vipele mwili mzima au akiishiwa nguvu, asingojwe mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali wakati huo huo.

Kundi likiwa karibu na watoto, mwite mfugaji nyuki mwenye mavazi na moshi. Kwake hilo ni mali. Kukiwa na hatari ya papo hapo, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa simu namba 114.

KABLA YA KUWASHA MOTO

Kwa nyuki wa mbao dawa ni nyepesi. Yeye hupenda mbao kavu, laini, isiyopakwa kitu. Boriti zilizopakwa rangi au vanishi humkatisha tamaa. Tundu la zamani lisilo na mwenyewe lizibwe kwa kijiti na gundi, kisha lipakwe rangi, kwa kuwa nyuki hawa hupenda kurudia makao ya zamani. Haifai kupuuza matundu mengi ya miaka mingi katika boriti moja, maana mbao hudhoofika. Hapo mwite fundi aitazame. Lakini tundu moja au mawili hayaangushi nyumba.

Na ukitaka asikae darini bali akae uani, mpe pa kukaa. Funga pamoja vipande vya mianzi mikavu vilivyokatwa hivi kwamba upande mmoja uko wazi na mwingine umezibwa na fundo, tundu lake likiwa na upana wa kama sentimita 1 na nusu. Vining'inize mahali pakavu karibu na mpasheni, au weka gogo kavu la mti laini. Gharama yake ni jasho kidogo.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Katika mitaa yetu ya leo yafaa tuongeze kwamba kabla ya kumfuata, na kabla ya kumwua, kwanza mjue ni nani. Mzazi aliyemfundisha mwanawe kusimama hatua tatu nyuma, kutazama macho, vipapasio na miguu, na kuhesabu mabawa, amemwepusha na mambo mawili kwa mpigo: kumchezea nyuki wa asali kwa kudhani ni nzi, na kuwasha moto chini ya paa kwa kumwogopa mdudu aliyekuja kutuzalishia matunda.